Friji isiyopimwa ni adui wa afya

SHANGAZI yangu anaishi Malakisi, upande wa kuteremkia Lwakhakha kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Kwa miaka mingi amekuwa akijidunga insulini asubuhi na jioni kwa sababu ya ugonjwa wa kisukari. Mwanawe anayefanya kazi Kitale alipojinunulia friji mpya, ile kuukuu alimletea mama yake kwa pikapu, kupitia Kamukuywa, Kimilili na Chwele. Siku hiyo ilikuwa sherehe. Friji iliwekwa sebuleni, ikavishwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, nayo dawa ya shangazi ikapewa mahali pa heshima: rafu ya juu kabisa, ndani kabisa, ikiegemea ukuta wa nyuma chini ya kisanduku cha barafu.

"Hapo ndipo penye baridi kali," alituambia, "na daktari alisema dawa hii haipendi joto."

Miezi michache baadaye sukari yake ilianza kupanda. Kliniki ilimwongezea kipimo cha dawa. Sukari haikushuka. Akaongezewa tena. Sisi jamaa zake tukaanza kumlaumu: eti anakunywa chai yenye sukari kwa siri, eti anakula ndizi mbivu akiwa sokoni. Alikana na kulia, wala hatukumsadiki.

Kisha ikanyesha mvua kubwa, mti ukaangukia nyaya na stima ikapotea kwa siku mbili. Shangazi alikuwa ndio kwanza ameleta chupa mpya kutoka kliniki. Kwa kuwa friji ilikuwa imezima, aliitia chupa hiyo katika mkebe, akaiweka kando ya mtungi wa maji wa udongo, mahali penye kivuli. Alfajiri ya siku ya tatu mjukuu wake alimkuta ametota jasho, anatetemeka, na hawezi kulitamka jina la mtoto huyo. Bahati njema alikuwa bado anaweza kumeza. Mtoto alimnywesha chai yenye sukari nyingi, fahamu zikamrudia.

Kule kliniki muuguzi mmoja kijana hakumkaripia. Alimwuliza swali moja tu: "Mama, juma hili umefanya nini ambacho hukuwa ukifanya?"

"Hakuna, mwanangu," shangazi akajibu. "Ila stima ilipotea, dawa nikaiweka nje ya friji."

Jibu hilo ndilo lililofumbua fumbo. Kwa miezi yote ile dawa ilikuwa ikiganda usiku na kuyeyuka mchana, hata nguvu zake zikaisha. Kipimo kiliongezwa mara mbili kwa ajili ya dawa iliyokuwa karibu sawa na maji. Siku alipopata dawa nzima, isiyoganda, kipimo hicho kikubwa kilimshusha sukari kiasi cha kutaka kumwua. Friji tuliyoipokea kwa vigelegele ndiyo iliyokuwa ikimharibia dawa, na sisi tukamhukumu bure.

Msomaji, sikusimulia kisa hiki ili uitupe friji yako. Mgala muue na haki mpe: friji ni chombo chema, na imewaokoa wengi kutokana na magonjwa ya tumbo. Ninachopinga ni ile imani yetu kwamba kitu kikishaingia friji kimeshakuwa salama. Friji ni mashine, na mashine hukosea. Kwa maoni yangu, friji ambayo mwenyewe hajui ina nyuzi ngapi za joto ni kabati tu lenye taa ndani, na pengine ni la hatari zaidi kuliko kabati, maana kabati halimdanganyi mtu.

BARIDI NYINGI SI USALAMA

Kosa la kwanza tulilofanya ni kudhani kwamba baridi ikizidi ndiyo bora. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi. Chini ya sufuri huganda, na ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka. Ile yenye rangi kama ya maziwa huonyesha dalili: hutoa chembechembe au mabonge yasiyochanganyika hata ukiiviringisha viganjani. Ile iliyo angavu kama maji yaweza isionyeshe dalili yoyote, na hapo ndipo penye hatari. Ukiwa na shaka kwamba iliganda, irudishe kliniki, usiijaribu mwilini mwako.

Joto nalo ni adui, lakini si adui wa ghafla kama tulivyodhani. Chupa iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida huweza kutumika kwa wiki nne hivi bila kuwekwa kwenye friji, mradi isipate jua wala joto kali. Tena mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva pamoja na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha matokeo ya uchunguzi uliotokana na hali ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab katika nchi yetu hii. Waliipima insulini iliyokaa katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne, wakakuta nguvu zake hazikupungukiwa ikilinganishwa na ile iliyokaa katika baridi. Hiyo si ruhusa ya kuipuuza friji bila kuzungumza na mhudumu wako wa afya. Lakini inaonyesha kwamba mkebe wa shangazi kando ya mtungi haukuwa uzembe. Uzembe ulikuwa wetu, wa kutojua kinachotendeka ndani ya friji.

KWA NINI FRIJI YA KITALE ILIKOSEA MALAKISI

Hapa ndipo wengi wetu hudhani fundi ametuuzia kitu kibovu. Friji ile haikuwa mbovu. Ilikuwa imehama.

Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangany. Usiku wa Julai ni baridi huko. Katika friji nyingi za kawaida, kifaa kinachoamua mota inguruke au inyamaze hupima baridi ya sehemu ya chini, ile ya maziwa na mboga, wala si ya kisanduku cha barafu. Jikoni kukiwa na baridi, sehemu hiyo hukaa baridi bila msaada, kwa hiyo mota hulala muda mrefu, na juu nyama huanza kulegea na barafu kuyeyuka. Mwenye friji huona ajabu: usiku wa baridi, halafu barafu inayeyuka! Binamu yangu alifanya kile afanyacho kila mtu. Alikizungusha kitufe hadi karibu na nambari ya mwisho, mota ikalazimika kunguruma zaidi, barafu ikarudi.

Malakisi iko chini zaidi ya mlima na ina joto zaidi. Friji ilipoletwa huku, hakuna aliyekumbuka kukirudisha kitufe kile. Mota sasa ilinguruma karibu mchana kutwa na usiku kucha ikitafuta baridi iliyoagizwa, na ukuta wa nyuma ukafanya barafu. Chochote kilichougusa kiliganda: sukumawiki, mayai, na dawa ya mgonjwa.

Ukitaka kujua friji yako ilitengenezewa hali gani, tazama kibandiko chake cha nyuma au cha ndani. Herufi T maana yake imekusudiwa kufanya kazi mahali penye nyuzi 16 hadi 43, ST ni 16 hadi 38, N ni 16 hadi 32, na SN ni 10 hadi 32. Jiko la Kitale lenye sakafu ya saruji laweza kushuka chini ya nyuzi 16 alfajiri. Huko friji yenye SN ingefaa zaidi, ingawa wauzaji wetu hawatuambii, nasi hatuulizi.

Na kuhusu zile nambari za kitufe, kuna kosa ambalo nimelikuta hata katika nyumba za walimu. Nambari 1 hadi 7 si nyuzi za joto. Hazina uhusiano na Sentigredi. Nambari kubwa maana yake ni baridi zaidi, basi. Anayeiweka 7 akidhani ameagiza nyuzi 7 ameagiza barafu, na anayeiweka 1 akidhani ndiyo baridi kali anaharibu maziwa ya watoto.

MAJI CHINI YA DROO YA MBOGA

Baada ya kisa cha shangazi nilianza kuzikagua friji za jamaa na majirani, kwanza kwa utani, kisha kwa wasiwasi. Karibu zote zilikuwa na unyevu: matone darini, maji yaliyotuama chini ya droo ya mboga, madoadoa meusi ya ukungu kwenye mikunjo ya mpira wa mlango. Wenyewe husema, "Inavuja kidogo tu." Wanachukua kitambaa, wanapangusa, maisha yanaendelea.

Maji hayo hayatoki kwenye mtambo. Yanatoka hewani. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi, na katika majira yetu ya mvua mvuke huo ni mwingi mno. Kila unapofungua mlango, hewa hiyo huingia, hukutana na ukuta baridi, mvuke hugeuka matone. Ndivyo kikombe cha maji baridi kinavyotoka jasho mezani. Sufuria ya maharagwe ya moto isiyo na kifuniko hufanya vivyo hivyo, tena zaidi. Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama: funika kila chakula, na acha kusimama mbele ya friji iliyo wazi ukifikiri utakula nini.

Hatua ya pili ni mpira wa mlango. Chukua noti ya shilingi hamsini au kipande cha gazeti, funga mlango ukiwa umeibana katikati, kisha uivute. Ikitoka kwa ulegevu, hewa pia inaingia kwa ulegevu. Jaribu pande zote nne. Mara nyingi dawa yake ni kuosha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa maana uchafu na sukari ya soda huuzuia kushika. Ukiwa umepasuka au umekakamaa, mwite fundi aubadilishe. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mpira mlegevu hufanya mota isipumzike, bili ya stima ipande na mwishowe mota yenyewe iungue.

Hatua ya tatu ndiyo wengi hawaijui. Chini ya ukuta wa nyuma kuna kitundu kidogo. Matone yanayoteremka ukutani hupitia humo hadi kwenye kibakuli kilichoko nyuma juu ya mota, ambako joto la mota huyakausha. Kitundu kikizibwa na jani la dania au makombo ya ugali, maji hayana pa kwenda, hurudi chini ya droo. Chomoa friji kwenye stima, zibua kitundu kwa mrija laini wa kunywea soda, kisha mimina maji ya vuguvugu kidogo uone kama yanapita. Usitumie msumari. Na kile kibakuli cha nyuma kioshe pia, kwa kuwa harufu mbaya nyingi zisizojulikana zitokako hutoka humo.

Je, haya yanahusianaje na afya? Unyevu ni malisho ya ukungu na vijidudu. Damu ya nyama au ya kuku ikidondokea maji yaliyotuama chini, kisha mtoto akachukua nyanya iliyolowa humo na kuila mbichi, friji imekuwa njia ya ugonjwa. Nyama mbichi ikae kwenye chombo kilichofunikwa, rafu ya chini kabisa, chini ya vyakula vilivyopikwa. Tena vidonge na vile vijikaratasi vya kupimia sukari visiwekwe kwenye friji. Unyevu huviharibu, na kipimo kikiharibika utapata nambari ya uongo.

KISU NA BARAFU

Barafu ikinenepa kwenye kisanduku, tunafurahi tukidhani friji ina nguvu. Kumbe barafu ni kama blanketi: huizuia baridi kufika kwenye chakula. Ikifika unene wa nusu sentimita, zima friji, toa vyakula, acha mlango wazi, weka bakuli la maji ya moto ndani na uwe na subira. Kisu usikiguse. Ukuta wa kisanduku ni bati jembamba la alumini lenye gesi ndani yake. Pigo moja la kisu hutoboa, gesi hutoroka, na kuirekebisha kunaweza kukugharimu karibu na bei ya friji nyingine. Fundi akikuambia gesi imekwisha, mwulize imetokea wapi. Gesi ya friji haipungui kama mafuta ya taa. Ikiisha, kuna tundu, na kujaza bila kuziba tundu ni kutwanga maji kwenye kinu.

Na kile kitambaa kilichofumwa? Friji nyingi za siku hizi hutolea joto lake kwenye mbavu zake, ndiyo maana ukizigusa pembeni zina moto. Ukizivisha kitambaa umezivika koti juani. Kiache juu tu, tena kifupi. Nyuma na pembeni acha nafasi ya upana wa kiganja, pangusa vumbi na masizi, na usiiweke karibu na jiko au mahali jua la alasiri linapopiga. Ndani nako usitandike gazeti wala nailoni kwenye rafu, maana baridi hushuka kupitia humo. Hata gazeti hili, likishasomwa, lisiishie kwenye rafu ya friji.

PIMA, USIKISIE

Shirika la Afya Duniani hushauri vyakula vinavyoharibika viwekwe chini ya nyuzi 5 za Sentigredi, na vyakula vilivyopikwa visikae katika joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kati ya nyuzi 5 na 60 ndipo vijidudu vinapozaana kwa kasi. Sasa niambie, msomaji, utajuaje kama friji yako iko nyuzi 4 au 11? Kwa kiganja? Nyuzi 11 kwa kiganja ni baridi safi kabisa. Soda ya nyuzi 11 inaburudisha. Lakini mchuzi wa nyuzi 11 kwa siku tatu ni jambo jingine.

Kipimajoto kidogo cha friji kinauzwa katika maduka ya vifaa mijini, na bei yake haifikii ya jogoo wa soko la Chwele. Kile cha kupimia homa hakifai, maana hakisomi chini kiasi hicho. Kitumbukize katika gilasi ya maji kwenye rafu ya katikati usiku kucha, kisha usome asubuhi kabla mtu yeyote hajafungua mlango. Ikizidi 5, ongeza kitufe nambari moja, ngoja siku nzima, pima tena. Ikiwa chini ya 2, punguza. Friji ikishindwa kushuka baada ya kuosha mpira, kuyeyusha barafu na kuipa nafasi ya kupumua, hapo ndipo umwite fundi, nawe utampa habari kamili badala ya kusema tu "haigandishi."

Dawa ikae rafu ya katikati, ndani ya kikopo chenye kifuniko, mbali na ukuta wa nyuma na mbali na mlango. Ukuta hugandisha, mlango hupata joto kila ufunguliwapo.

STIMA IKIPOTEA

Kupotea kwa stima si jambo la vijijini pekee. Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, na Desemba mwaka huo giza likarudi. Friji iliyofungwa hushika baridi yake kwa takriban saa 4. Kisanduku kikubwa cha kugandishia kilichojaa huweza kustahimili karibu saa 48, kilichojaa nusu saa 24, mradi mlango usifunguliwe. Kwa hiyo usifungue kila mara ukaangalie. Ukitaka kujua kama stima ilipotea ukiwa safarini, gandisha maji katika kikombe na uweke sarafu juu yake. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini na barafu imeganda juu yake, jua kwamba kila kitu kiliyeyuka na kuganda upya.

Hapa nataka kuwakanya akina mama na akina baba kuhusu msemo wetu wa "nitakipasha moto tu." Kuna vijidudu ambavyo hufa kwa kuchemshwa, lakini sumu walizokwisha kutema ndani ya chakula hazifi. Wali uliolala katika joto na nyama iliyoshikwashikwa ni mifano inayojulikana sana. Utachemsha hadi povu, sumu itabaki, na usiku nyumba nzima itapanga foleni chooni. Kwa mtoto mdogo au mzee, kuhara na kutapika si mzaha.

Stima inaporudi, mara nyingi hurudi kwa kishindo, kisha hushuka, kisha hupanda. Chomoa friji wakati stima imepotea na usubiri dakika chache baada ya kurudi, au ununue kile kifaa cha kuilinda ambacho huchelewesha stima kuingia. Mota ikilazimishwa kuanza mara tu baada ya kuzimika, hukuta gesi bado imebanwa, hukwama na kuungua.

"WAZEE WETU WALIISHI BILA FRIJI"

Najua baadhi ya wasomaji watasema haya ni maringo ya wenye mali. Wazee wetu waliishi miaka mingi bila friji wala kipimajoto. Ni kweli. Lakini wazee hao hawakukisia. Nyama waliikausha juani au juu ya moshi. Maziwa waliyagandisha katika kibuyu, kama majirani zetu wa jamii za Kalenjin wafanyavyo na mursik hadi leo, na ule uchachu huwazuia vijidudu wengi kuzaana. Nafaka waliianika hadi ikalia ikitafunwa. Kila njia ilikuwa na kipimo chake, na mama alimfundisha bintiye kipimo hicho. Sisi tumepokea friji bila kufundishwa na mtu. Tumeacha maarifa ya kibuyu kabla ya kupata maarifa ya friji, tukabaki katikati ya mto.

Wengine watasema kazi hii ni ya fundi. Fundi huja friji ikishakufa. Anayeishi nayo ni wewe.

Ombi langu kwa hiyo ni kwa watu watatu. La kwanza ni kwa wauzaji, wa vifaa vipya na wa mitumba: msimwuzie mtu friji bila kumweleza nambari za kitufe na herufi za kibandiko. La pili ni kwa kaunti zetu za Bungoma na Trans Nzoia. Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye vifaa, vikiwemo vya kupimia sukari na shinikizo la damu. Wanaingia nyumbani mwetu, wanakaa sebuleni mbele ya friji. Waongezewe swali moja katika maswali yao: "Dawa yako unaiweka wapi? Naomba nipaone." Swali hilo halihitaji bajeti. Lingemwepusha shangazi yangu na miezi ya lawama na alfajiri moja ya kifo.

La tatu ni kwa kliniki: sukari ya mgonjwa inapokataa kushuka, kabla ya kuongeza kipimo na kabla ya kumshuku mgonjwa kwamba anakula kwa siri, ulizeni kwanza habari za dawa yenyewe.

Shangazi bado anayo friji ile. Kitufe kiko nambari 3, kipimajoto kinaning'inia rafu ya katikati, na mjukuu wake hukisoma kila asubuhi kabla ya kwenda shule, akaandika nambari kwenye kalenda ukutani. Siku moja nilimwuliza kama ametusamehe kwa yale maneno ya chai ya siri. Alicheka, akasema, "Nimewasamehe, mwanangu. Lakini kwanza nendeni mkapime friji zenu."